Sindano na Pua ya Sajenti

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi kutoka shambani. Nguruwe pori hawakuja tena. Mwaka juzi wakati kama huu walikuwa wameshalaza nusu ya mahindi yangu chini. Paulina kasema tumshukuru Mungu. Nikasema na mbwa mwitu nao tuwashukuru. Mke wangu akacheka.

Hao mbwa mwitu waliletwa na watu wa wanyamapori, kwa lori, ndani ya masanduku ya mbao. Wakaachiliwa ng'ambo ya korongo. Baba aliwaona alipokuwa kijana, kisha wakaisha. Sasa wamerudi, na hapa Dirma hakuna siku inapita watu hawajagombana juu yao.

Kaka Boay kapita jioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama mkuki wangu. Akaniuliza nanoa wa nini wakati mbwa wa serikali wameshamaliza nyama. Kaka mkubwa hajibiwi. Ila rohoni nilimjibu vizuri sana.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha wawindaji, pale kwenye mashine ya kusaga. Makelele matupu.

Sisi tuna kibali cha kijiji cha kuwinda nguruwe wanaokula mazao. Nguruwe tu. Digidigi haruhusiwi, na kuhusu digidigi sitaandika zaidi. Nusu yetu tunasema mbwa mwitu waachwe: wamewatawanya nguruwe, mahindi yamepona. Nusu wako na Boay. Wanasema swala wamehama, digidigi hawaonekani, wiki iliyopita mbuzi wawili wameliwa. Boay ndiye kiongozi wetu na akisimama watu wananyamaza. Akasema, "Mahindi yamepona, sawa. Tutayala na nini?" Watu wakapiga makofi. Hata mimi nusura nipige. Kaka anajua kusema.

Mwisho bwana mifugo akaleta ujumbe: chanjo ya kichaa cha mbwa inarudi, kila mbwa wa kijiji achomwe. Anasema magonjwa ya mbwa wetu ndiyo yanayomaliza mbwa mwitu.

Hapo hapakuwa na nusu wala nusu. Wote tulikataa. Kila mwindaji anajua sindano inaua pua. Mbwa wa Qamara alichomwa mwaka jana, mwezi uliofuata akampita nguruwe amelala waziwazi kama kampita jiwe. Boay akaninyooshea kidole. Akasema tazameni Sajenti, mbwa wa mdogo wangu: hajawahi kuguswa na sindano, na hakuna pua kama ile kuanzia hapa mpaka Bassotu. Kifua kikanijaa. Ni kweli. Mwaka jana siku ya chanjo nilikuwa msibani kijiji cha Daudi, kwao Paulina, nikaacha maagizo makali Sajenti afungwe zizini asitoke.

Paulina alikuwa pale pale anasaga. Alijifunga kanga upya, akabeba unga wake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 10 Mei

Kuwinda tangu asubuhi. Nguruwe mmoja tu, na mwembamba. Sajenti ndiye aliyemshika kwanza, kwa hiyo maini yalikuwa haki yake. Hiyo ni sheria yetu: maini ni ya mbwa aliyeshika kwanza, hata kama mwenye mbwa ana njaa. Tukamwita. Hakuja. Tulipiga miluzi mpaka midomo ikakauka. Maini tukayafunga kwenye majani nikarudi nayo nyumbani. Kutoka ng'ambo ya korongo tukasikia mbwa mwitu. Sauti yao wala siyo ya mbwa, wanalia kama ndege. Boay akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 11 Mei

Ibadani sikusikia neno hata moja. Tumerudi nyumbani, Sajenti huyu hapa mlangoni, kalala. Shingo ina matundu, damu imekauka. Kanitazama bila kutikisa mkia.

Boay kaja, kainama, kasema haya ni meno ya mbwa mwitu. Nilihisi nimesalitiwa. Nimewatetea mbele ya kijiji kizima, na wao wakamng'ata mbwa wangu!

Maini hakuyagusa.

Jumanne, 13 Mei



Sajenti tangu jana anatoa udenda. Maji anayasogelea, anayanusa, anarudi nyuma. Boay alikuja kumtazama. Yeye na mbwa hana woga, amelea mbwa tangu utoto. Akamshika taya ampe dawa ya kienyeji. Sajenti akamng'ata kiganja. Siyo kumparua. Kumng'ata hasa, damu ikachuruzika.

Huyu mbwa hajawahi kumng'ata mtu. Kaka yangu ndiye aliyemleta kwangu akiwa mdogo kama kiatu.

Udenda. Kukataa maji. Kung'ata. Kila mtu aliyekuwepo aliwaza kichaa cha mbwa. Boay akafunga mkono kwa kitambaa akasema ni jeraha tu. Mkaidi! Paulina ndiye aliyemkalia kooni. Akamvuta kwenye ndoo, akamwosha kwa sabuni muda mrefu, huku anamwambia, "Shemeji, kesho hospitali Haydom. Usiponisikia mimi utakisikia kilio cha mkeo." Alipokuwa mtoto kule Daudi, Paulina aliona mwanafunzi mwenzake akifa kwa kichaa cha mbwa. Hajawahi kunisimulia yote.

Sajenti tumemfunga kwenye mti nyuma ya zizi. Majirani wanataka auawe. Bwana mifugo kapiga simu: asiuawe, atazamwe. Yeye yuko Katesh, atakuja Ijumaa.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Naogopa kumzika kaka yangu.

Jumatano, 14 Mei

Haydom na kurudi. Basi la alfajiri, limejaa wagonjwa na kuku. Hospitalini walimpokea haraka. Jeraha limeoshwa tena, sindano ya kwanza amechomwa, nyingine atarudi kuchomwa. Muuguzi akauliza kama mbwa amechanjwa. Nikasema hapana. Boay akaangalia sakafu. Wawindaji wawili wazima, tumenywea kama watoto waliovunja chungu.

Muuguzi alisema tumewahi, hiyo ni nzuri. Nimelishika hilo neno, tumewahi. Lakini hofu haijaisha.

Kwenye kurudi Boay akashuka kabla ya kituo chetu, kwenye duka la pembejeo. Akapanda tena ameshika chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anao ng'ombe, sikuuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Sasa najua chupa ni ya nini.

Mbuzi wa Boay kafa jana kwa kuhara. Hajamzika wala hajamchuna. Kamning'iniza stoo. Kesho jioni atampasua, atammwagia ile dawa, nayo ni sumu, atamweka korongoni mbwa mwitu wamle. Aliniambia mwenyewe, taratibu, kama anayenipa habari za mvua. Kama Sajenti ana kichaa, kakipata kwa mbwa mwitu. Na kama yeye Boay anakufa, hawatabaki. Alisema hivyo hivyo.

Nikamwambia fisi watakula, tai watakula, mbwa wa watu watakula, na maji ya korongo wanakunywa ng'ombe. Akasema mimi ndiye niliyewapenda, basi ninyamaze. Nikaondoka. Mbwa wangu ndiye aliyemng'ata.

Nimerudi nyumbani nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Paulina kaja kasimama mbele yangu. Akasema Sajenti hana kichaa. Nikamwuliza anajuaje. Akasema amechanjwa.

Sikuelewa. Akarudia. Mwaka jana nilipokuwa msibani kwao, alimfungua zizini, akamfunga kamba, akampeleka uwanjani kwenye chanjo. Walimpaka rangi nyekundu mgongoni kuonyesha amechomwa. Akamwosha kabla sijarudi. Kanga iliyotumika kumfutia ndiyo ile niliyomwuliza imekuwaje ikawa na waa. Alisema ni mafuta ya taa.

Nilipandwa na hasira. Nikapiga kelele. Mbwa wangu, amri yangu, mwaka mzima ananitazama tu nikitamba! Yeye akangoja nimalize. Kisha akasema asingeweza kuishi nyumba moja na mbwa asiyechanjwa, kwa kile alichokiona, na kama nataka kugombana nigombane na uzima wa kaka yangu.

Hasira ikaniishia palepale. Nikakaa tena kwenye kinu nikalia. Ndiyo, nililia. Naye akakaa, tukabanana pale pale.

Tukaenda kwa Boay tukiwa wawili. Hakuamini. Kasema mke wangu anamtetea mbwa. Kasema angechomwa pua ingekufa, na kila mtu anajua ile pua. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini amekubali jambo moja: mbuzi hatamtoa mpaka bwana mifugo afike.

Ijumaa, 16 Mei

Bwana mifugo kafika na pikipiki saa tano. Kijana mrefu, shikamoo zake kwa wazee zimenyooka. Watu wamejaa mpaka juu ya ua wa zizi. Boay kasimama mbele kabisa, mkono kifuani.

Alivyomwona tu Sajenti akasema huyu anamfahamu tangu chanjo ya mwaka jana, kwa sikio lililopasuka na yule mama aliyemkemea amchome taratibu. Watu wote wakageuka kumtazama Paulina. Paulina akatazama mbele.

Hakumsogelea kijinga. Alimkamata kwa fimbo ndefu yenye kitanzi, akamchoma dawa ya usingizi, akavaa glavu nene. Akamfungua kinywa. Akachungulia, akaomba koleo. Akavuta. Kikatoka kipande cha mwiba wa nungunungu, kirefu kama kidole changu, kilikuwa kimejikita chini ya ulimi. Usaha ukafuata. Akapapasa shingo, akatoa kingine kimevunjikia ndani ya ngozi. Matundu yote yale ni nungunungu. Hakuna jino la mbwa mwitu hata moja.

Wawindaji kumi na kitu tumesimama pale, tumekulia kwenye miiba ya nungunungu, na hakuna aliyefikiri kumfungua mbwa kinywa. Tulishaamua ni nani mkosaji.

Bwana mifugo kasema sindano za Boay aziendeleze mpaka mwisho, mtu hachezi na hilo, lakini hofu aitue. Mbwa huyu ana maumivu na hasira tu, na angeshikwa hivyo kwenye kidonda hata yeye angeng'ata.

Jamani. Sikujua mtu anaweza kuwa mwepesi hivi. Nilimshika bwana mifugo mkono nikasahau kuuachia.

Kisha Qamara, kwa sauti ya pole kabisa, akauliza: sasa kama huyu alichomwa, ile pua ya kutoka hapa mpaka Bassotu ilikuwa ya nani? Akaanza mmoja kucheka, wakacheka wote. Qamara mwenyewe kakubali hadharani kwamba mbwa wake hajawahi kuwa na pua, hata kabla ya sindano. Boay hakucheka. Aliondoka. Baadaye nikaona moshi nyuma ya stoo yake. Amemchoma mbuzi mzima na ngozi yake, na majivu akayafukia.

Jumanne, 20 Mei

Chanjo uwanjani. Mbwa wengi kuliko watu. Boay kaja na wanne wake kwenye kamba moja, wamejisokota miguuni mwake, anatukana chini kwa chini. Watu walivyomwona wakarudi makwao kuleta wa kwao. Hakuna aliyethubutu kumtania. Paulina tu ndiye aliyemwuliza shemeji kama ameleta pua zote.

Kuhusu mbwa mwitu bado tunagombana. Kuna waliosema leo leo walipwe mbuzi wao. Wana haki. Boay bado anasema swala wamehama. Inawezekana. Lakini ile dawa ameogeshea ndama, nimeona kwa macho yangu.

Jumapili, 1 Juni

Baridi. Mawingu yamekaa juu ya Hanang tangu jana, mlima hauonekani.

Baada ya ibada nilikwenda shambani na Sajenti. Amenenepa. Boay alikuwa ameshafika, kakoka moto kwenye kona ya shamba langu bila kuniomba, anachoma mahindi yangu. Nikamwamkia. Akanionyesha jiwe la kukalia. Sindano amemaliza, kiganja kimebaki na kovu.

Sajenti alisimama mbali. Tangu siku ile hajamsogelea. Boay akavunja hindi vipande viwili, akapuliza lipoe, akakinyoosha kile kiganja chenye kovu, akangoja. Alingoja sana. Mbwa akaja hatua kwa hatua, akanusa, akachukua taratibu kwa midomo, kama anayechukua kitu kinachovunjika.

Nikanyoosha mkono nipewe kipande cha pili. Kaka akakila yeye, akaniambia nichome langu.