Ijumaa Moja Tu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeng'oa magego matatu kabla ya chai. Saa nne umeme ulikatika, tukawasha jenereta, mashine ikakohoa kidogo, ikaendelea. Mchana nimeweka video ya mzee wa Kipese kwenye ukurasa wa kabine yangu ya meno. Mkulima wa viazi, meno mapya ya juu yote, anatafuna muhindi wa kuchoma mbele ya simu yangu bila haya. Kufikia jioni Butembo nzima imeiona. Hata katekista wa parokia ameisambaza.

Zawadi, muuguzi wangu ambaye pia anakaa mapokezi, anasema sasa nimekuwa msanii. Anatania. Lakini kipaji ninacho, sitakikana.

Daktari mwenzangu ng'ambo ya barabara bado anategemea kibao cha mbao chenye picha ya jino. Jino lenyewe linafanana na kiazi. Namtakia heri.

Jumanne, 5 Machi

Nimetazama mafunzo ya kuuza kwa mitandao, hadi mega za intaneti zikaisha. Somo moja limeniingia: watu hawaji mpaka waogope kukosa. Donc, basi, Ijumaa tarehe 15, kung'oa kwa nusu bei. Siku hiyo moja. Nimeandika tangazo kwa herufi nyekundu: IJUMAA TU. Nimelituma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya akina mama wa kanisa, ya wauza mboga, ya Beni, hadi la Mbau, kaskazini ya Beni. Kusini vita, kaskazini vita, lakini meno yanauma kila mahali.

Zawadi ameuliza kwa nini isiwe wiki nzima. Nimemwambia biashara haiendi hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Vocal, ujumbe wa sauti, kutoka Mbau. Sauti nzito ya mama mzima, ya kuzoea kuimba, inayosalimu kwa lugha yetu. Nimeisikiliza mara mbili:

“Docta, wasingya. Niko Katungu wa Mbau, wa chorale. Jino inaniuma, shavu imevimba, hapana kulala, hapana kuimba. Lakini Ijumaa convoi haiko. Sisi tunatembeaka na basoda lundi na mercredi tu. Nikuye lundi, bei ile ile?”

Anamaanisha msafara wa magari unaolindwa na askari, Jumatatu na Jumatano. Nimemjibu kwa kuandika: “Mama, promo ni Ijumaa tu. Ukiikosa, bei inarudi.” Mistari miwili. Hakuna kubembelezana. Nilijiona mtu wa kazi.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada watu watatu wamenizuia mlangoni kuuliza habari za Ijumaa. Mchungaji alitutazama kwa jicho baya. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Jumatano, 13 Machi

Orodha imejaa. Kina Katungu sita, kina Kavira watano, kina Kasereka sijui wangapi. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina Katungu wake kama nyumba yetu ilivyo na Masika, ambaye ni mimi. Zawadi anaandika mtaa kando ya kila jina ili tusimng'oe mtu jino la mwenzake.

Katungu wa Mbau hajajibu. Nimemweka saa tano. Atakuja. Anayeumwa jino haachi nusu bei.

Ijumaa, 15 Machi

Saa moja asubuhi benchi mbili zimejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Nimewapiga picha, wote wameshika mashavu, wanacheka. Kazi imeteremka kama maji. Nimeng'oa, nimeshona, nimetania. Daktari wa ng'ambo alitoka mlangoni kwake mara tatu kutazama. Siku nzuri kuliko zote tangu nifungue kabine.

Saa tano Katungu wa Mbau hakuonekana. Saa nane simu zote za benchi zimelia pamoja. Gari limeshambuliwa na kuchomwa kwenye barabara ya Mbau, likielekea Beni. Wapo waliokufa. Kicheko kimekatika. Mama mmoja amesimama, ameondoka na jino lake.

Nimeendelea kung'oa. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Hilo linanitisha.

Jumamosi, 16 Machi

Majina yamezunguka kwenye makundi. Manne. La tatu: Katungu, wa Mbau, mama wa watoto. Basi. Hakuna jina la pili, hakuna picha, hakuna neno kuhusu chorale.

Nimemwandikia. Alama moja ya kijivu: ujumbe haujafika. Nimempigia, simu imezimwa. Nimeandika tena. Alama moja. Nimeuliza katika kundi la Mbau ni Katungu yupi. Hakuna anayejibu. Watu wanazika.

Nimerudi kusoma nilichomwandikia. Promo ni Ijumaa tu. Yeye alinieleza kuhusu convoi kwa mdomo wake, na mimi nikamjibu kuhusu bei.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefuta tangazo. Watu wanaendelea kuweka mioyo kwenye picha ya benchi. Nimeifuta nayo. Mzee wa Kipese bado anatafuna muhindi, na leo siwezi kumtazama.

Zawadi amekuja nyumbani na maharagwe. Amesema: “Docta, si weye uliunguza ile gari.” Kweli. Sikuliunguza. Lakini huenda nililijaza abiria. Nina hasira, na hasira yote ni juu yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Sijui nianze wapi.

Saa sita Zawadi ameingia chumba cha matibabu bila kubisha, simu mkononi, mgonjwa kwenye kiti ameacha mdomo wazi. Vocal iliyosambazwa mara nyingi. Dada yake wa Beu, mtaa wa Beni, ameipata kwa jirani, na jirani kwa mtu wa Mbau. Ilirekodiwa wiki iliyopita, kabla ya Ijumaa. Nimeitambua sauti ya Katungu wa chorale kwa neno la kwanza:

“Bandugu ba Mbau, kule Butembo kuko munganga wa meno, Ijumaa anapunguza bei. Hapana kwenda Ijumaa! Ule docta iko na mikono muzuri, lakini barabara hajue. Mutu asipande gari bila basoda juu ya jino. Tutaenda lundi, siye bote, na tutaongea naye. Ni mutoto wetu.”

Nimekaa kwenye kiti cha Zawadi. Nimelia mbele ya mgonjwa. Hakujali, alikuwa na ganzi.

Mimi nilidhani tangazo langu ndilo linaloendesha watu. Tangazo lililozunguka Mbau ni lake. Bado sijui kama yu hai, lakini mtu aliyesema maneno hayo hapandi gari la Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Convoi inatembea leo.

Nimeandika tangazo jipya, kwa herufi nyeusi. Watu wa upande wa Mbau waje siku yoyote ambayo barabara inawaruhusu. Bei ni ile ile, nusu.

Jumanne, 19 Machi

Wamefika saa tatu, watano, wamelala Beu kwa ndugu. Katungu wa chorale ametangulia, mnene, mfupi, kitenge cha kijani, shavu kama ameficha limau ndani. Simu yake ilizimika tangu Alhamisi, mahali pa kuchaji pamefungwa. Yule Katungu mwingine alikuwa muuza unga, akienda sokoni Beni kama kila Ijumaa. Hakusikia habari za meno kabisa. Wamemzika Jumapili, na huyu aliimba kaburini na jino lake lile.

Nilifurahi kwamba si yeye. Halafu nikaona aibu ya kufurahi.

Amekaa kwenye kiti. Gego la chini, kulia, limeoza hadi mzizi. Nimempiga ganzi, nimemjaza pamba. Hapo ndipo nimemwambia: “Mama, unisamehe juu ya ile Ijumaa.” Nilichagua wakati ambao hawezi kujibu. Ninajijua.

Amenitazama sana. Kisha amekamata kifundo cha mkono wangu, ule wenye koleo, akauongoza hadi kwenye jino.