Simu ya Laini Moja

Jumanne, Bugarama. Mvua imenyesha tangu mchana, na mimi nimechoka kujidanganya.

Tangu Ijumaa naishi juu ya kichuguu. Kile cha nyuma ya choo, maana hapo tu ndipo mtandao wa simu yangu mpya unapofika. Nikiingia ndani, kimya. Nikienda kisimani, kimya. Na msimamizi wa jiko la kambi ya mgodini alisema wiki hii atapiga kumwita mpishi mmoja. Yule hana subira: usipopokea, anaruka jina lako.

Niseme ukweli. Kijana wa dukani Kahama aliniambia wazi kuwa simu hii ina bei poa kwa sababu inakubali laini ya kampuni moja tu. Nikasikia "bei poa", mengine yakapita. Kioo kikubwa, kamera, mayo wane, mama yangu! Kitochi changu, kilichokuwa kinakubali laini yoyote, nikampelekea mama yangu kule Mhunze.

Tena nikamcheka jirani yangu Mama Kulwa. Simu yake ni ya mtumba, kioo kimepasuka, lakini inabeba laini mbili za kampuni yoyote aitakayo. Nilimwambia simu yako imekanyagwa na ng'ombe nini? Alicheka tu.

Fundi naye kasema akiilazimisha kuifungua ili ikubali laini nyingine, inaweza kufa kabisa.

Leo saa nane mvua ikanishusha. Nilikimbilia ndani kuchukua kitenge cha kujifunika, basi. Nilipopanda tena, ujumbe ukaingia: nimetafutwa mara mbili.

Nikapiga. Msimamizi akasema, "Pole Mama Sita, nimeshapata mwingine."

Nililia palepale juu, nimelowa chapachapa, na simu nzuri mkononi.

Jioni Mama Kulwa akapiga hodi. Kumbe naye aliandikisha jina, na ndiye aliyechukuliwa. Hakunisimanga hata kidogo, na hilo limeniuma zaidi. Alikuja kuomba nimshikie wanawe akienda kazini, kuanzia kesho alfajiri. Nimekubali. Ningesemaje?

Nikamuuliza mbona hakupiga simu, akaja kuteleza kwenye tope lote lile.

"Nikupigie ya nini, dada? Nilijua nitakukuta tu."

Ni kweli. Na kesho atanikuta.