Kitambaa cha mama

Lamis, nimejua kwa nini kompyuta yangu ilikuwa ikiganda ovyo. Si ule mfumo wa Linux. Wallahi si Linux.

Leo nimeinama chini ya meza, nikakuta mamangu amelifunika boksi la kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma. Feni haipumui. Boksi lina moto kama chuma cha chapati.

Na mimi jana nilifuta diski nzima nikaweka Linux upya. Nzima, shoga. Pamoja na zile sauti za marehemu baba akisoma maulidi. Nakala sina.

Nikamuuliza mama, mbona umefunika?

"Vumbi la hapa Junda si unalijua, mwanangu. Na sauti ya babako imo humo."

Imo humo, ati.

Nimekikunja kile kitambaa, nikamwambia ahsante mama.