Fukieni Shimo la Mlangoni

Tanga,
Kwaresima, 1996

Mke wangu mpendwa, Mama Leokadia,

Niwie radhi kwa ukimya huu wa tangu Noeli. Mkono haukunitii: kila nilipoanza kuandika, herufi zilipungua na kubanana hata mimi mwenyewe nikashindwa kuzisoma. Leo ninaandika polepole. U mzima? Mpunga umekwisha kupaliliwa? Maji ya mto hayajafika jikoni?

Nimekwenda hospitali. Unakumbuka miguu ilivyonikwama mlangoni petu siku ya Noeli, nawe ukasema pamezikwa dawa. Ukachimba, ukatoa kitambaa kilichooza, ukadai ni kipande cha khanga ya dada yangu Anjelina, ukamfukuza mbele ya wageni. Basi sikiliza: huku Tanga ninakwama vilevile kwenye mlango wa darasa, na Anjelina hajafika Tanga hata siku moja.

Daktari aliniambia nitoke nje, atazame mwendo wangu. Nilipofika mlangoni nikaganda.

“Mwalimu, umesahau kuaga?”

“Mimi sikusahau. Miguu ndiyo iliyosahau kwenda.”

Alicheka, akachora mstari wa chaki mbele yangu. “Haya, uvuke huo.” Nikauvuka, nikatoka bila shida.

Alinieleza kwamba ndani ya ubongo ipo sehemu inayoendesha hatua zetu bila sisi kuzifikiria. Kwangu mimi, seli za sehemu hiyo zinakufa kidogo kidogo. Ndiyo maana hatua zimekuwa fupi, na penye nafasi nyembamba miguu hugoma. Ila jicho likiona mstari wa kuvuka, sehemu nyingine ya ubongo huiongoza miguu. Ugonjwa huu huitwa Parkinson. Hauponi, ila vidonge huupunguza makali.

Mama Leokadia, najua ulichimba kwa kunipenda, wala sikugombezi. Lakini nenda Lumemo kwa wifi yako, umwombe radhi. Kisha mrudi Mofu pamoja, mlifukie shimo lile, na juu yake mlaze ufito mweupe wa kunivusha. Nataka uwekwe kwa mikono yenu wawili.

Mkuu wa shule amenitaka nichague: nistaafu sasa nirudi nyumbani, au nibaki huku karibu na daktari. Nakutamani sana, ila naogopa kukutwisha mzigo.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Msalimie binti yetu, na jirani yetu mvuvi anayekuletea kitoweo. Nikishaamua nitakuandikia. Ufito huo usingoje uamuzi wangu.

Mumeo akupendaye,
Baba Leokadia