Nilikata Swichi ya Nyanya, Akasimamishwa Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana siri hii inanikondesha. Mimi ni mtafiti wa mimea, nina shahada mbili, na kazi yetu ilikuwa kutia jeni ya rangi ya zambarau kwenye nyanya, sasa mbele ya ile jeni kulikuwa na kipande kirefu cha DNA ambacho mimi sikukiona kuwa na kazi yoyote, nikaandika daftarini "takataka", nikakikata, miche ikakua vizuri tu, nyanya zikaiva nyekundu kama za sokoni, na mkuu wa maabara alipouliza rangi iko wapi nikasema labda ni maji, na mmwagiliaji wetu ni mume wa dada yangu, basi shemeji akasimamishwa kazi na dada hanisemeshi, halafu juzi nikarudia vipimo nikakuta jeni imo kwenye kila mche, nzima kabisa, ila imelala, na nilichokikata ndicho kingeiamsha. Je, ninyamaze nirekebishe msimu ujao, au niseme nidharaulike?

Mtafiti Mwenye Aibu

Wewe mwenye aibu, shemeji yako aliposimamishwa hiyo aibu ulikuwa umeiweka wapi? Shahada mbili, na umesahau kwamba jani na mzizi vina jeni zilezile, na kinachoamua ipi ifanye kazi, wapi, lini na kwa kiasi gani, ni vipande kama hivyo unavyoviita takataka! Umefunga taa, umeng'oa swichi, kisha unamlaumu mfagiaji kwa giza. Eti maji! Hata angemwagilia maziwa, jeni yako isingewaka.

Kukata vibaya kunasameheka, kutenda kosa si kosa. Lakini ule ulimi wako ulijua unamsukumia nani. Na hiyo "msimu ujao", mwenzangu, nyumbani kwa shemeji watu wanakula msimu ujao? Unaogopa kudharauliwa? Mimi nimeshakudharau, na bado unapumua.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa hilo koti jeupe, ingia kwa mkuu na daftari lako, fungua ukurasa wenyewe, useme, "Nilikata mimi." Usiseme "ilitokea hitilafu." Usitoke humo bila barua ya kumrudisha shemeji kazini. Kisha nenda kwa dada yako kwa miguu yako, usipige simu, ukakiri mbele ya watoto wake. Hao ndio walioambiwa kwamba baba yao hajui hata kumwagilia maji.