Nilisifu Wachina, Nikakosa Joho

Mke wangu Zuwena, hujambo huko? Maskati nje jua linachoma, ila ndani kwa mpwa wangu, mtaa wa Mabela, kiyoyozi kimenigandisha. Ukutani katundika picha ya wino ya Kichina, ati ya enzi za wafalme wa Qing: wasafiri na punda wao katikati ya theluji. Mie nikitaka joho lake la sufu, na hapa ukisifu kitu cha mwenyeji hupewa. Nikaanzia mbali: "Mashallah, picha nzuri! Masikini hawa, wangepata joho kama..."

"Chukua, mjomba!" Keshaishusha.

Kukataa ni kumvunjia heshima. Nimeipakata, natetemeka pamoja na Wachina. Nakuja nayo, picha ya marehemu mama yako itafutie ukuta mwengine. Mungu akuweke. Nnakutamani kuliko lile joho, na joho nnalitaka kweli.

Mumeo