Mama Anasema Hewa Imesafika

Jumatatu, 3 Machi

Mama amerudi kutoka kazini anaimba. Anaimba! Mtu ambaye miaka yote akifika mlangoni swali lake la kwanza ni kama nguo zimeanuliwa kabla tanuri la saruji halijaanza kutema vumbi. Leo kavua viatu, kamnyanyua Kichembe juu, kasema, "Mjukuu wangu, hewa imesafika."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Uzi umekatika, mtoto ameshinda analia meno, nimechoka hoi. Nikauliza imesafika vipi. Akasema vichujio vya wiki nzima vimetoka vyeupe kama vilivyoingia. Vyeupe! Maisha yake yote anavishusha kutoka juu ya paa la maabara vikiwa vya kijivu, vingine kama masizi ya sufuria. Anapima chembechembe za hewani, zile ndogo zisizoonekana, zinazoteremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo kazi yake tangu sijazaliwa. Kazini wanamwita Mama Vumbi, naye anaitika.

Hata jina la Kichembe amelitoa yeye. Mwanangu alizaliwa mdogo mno, mama akamtazama, akasema, "Haka mbona kachembe tu." Likaganda.

Anasema ni lile chujio jipya walilofunga kwenye dohani la kiwanda. "Sikujua nitaiona siku hii kabla sijastaafu." Akafuta macho. Na mimi nikafuta yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetafuta chuchu ya chupa ya Kichembe nyumba nzima. Chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye droo ya vifungo. Mtoto kalia mpaka sauti imekauka. Nimeikuta kwenye mkoba wa mama, ndani ya kisahani cha plastiki cha kubebea vichujio. Kifuniko juu. Tarehe ya leo imebandikwa, mwandiko safi kabisa.

Nilicheka. Nilipomwonyesha naye akacheka. "Angalau haijachafuka!" Halafu akakitazama kile kisahani, akakitazama, kicheko kikamwishia mdomoni.

Jioni nimeanua shuka nyeupe. Zina vumbi. Lile lile la siku zote, nimepitisha kidole kikaacha mstari. Nimezikung'uta nyuma ya nyumba, nikazikunja. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Msaidizi wa mama wa maabara amekuja, yule binti mrefu aliyekuwa likizo akimuuguza baba yake. Alijua mama hayupo. Nikamkaribisha, akakataa chai. Mtu akikataa chai hivyo, ujue ana jambo.

"Dada, ile pampu ya kuvuta hewa kule juu ya paa haiwaki."

Nikamwambia basi waite fundi. Akasema si mbovu. Ni nzima kabisa. Mama anaizima ili abadilishe vichujio, kama inavyotakiwa, halafu anashuka bila kuiwasha. Vichujio vinakaa mle bila kuvuta hata pumzi moja ya hewa. Ndiyo maana ni vyeupe. Binti aliporudi likizo akaikuta kimya, akaiwasha bila kusema. Kesho yake mama akapanda, akabadilisha, ikawa kimya tena.

Nikamuuliza, na kusikia je? Pampu ile inanguruma! Nikiwa mdogo shule zikifungwa alinipeleka huko juu, nililala kwenye mkeka pembeni yake, nilikuwa siwezi kulala pasipo ule mngurumo. Yeye anaisikia kuliko anavyosikia simu yake.

"Ndiyo hilo, dada. Hasikii kwamba haisikiki."

Kumbe kuna kubwa zaidi. Ijumaa ijayo watu wa manispaa wanakuja maabara. Mama ndiye msemaji. Atawaambia hewa imesafika. Wakishaambiwa na Mama Vumbi mwenyewe, nani atabisha? Kiwanda kitapumua. Kituo cha paa kitafungwa. Na siku moja mtu atapima tena, na jina lake litakuwa la kuchekea.

Nikamwambia mwambie wewe, unaijua kazi. Akainamisha kichwa. "Amenifundisha hata kushika kibanio cha vichujio. Nikimwambia mimi ni kama nimemvua nguo. Wewe damu yake."

Damu yake iliyofeli kemia mara mbili! Mimi nimfundishe mama kuwasha pampu?

Jumapili, 9 Machi

Baba Kichembe amepiga simu kutoka safarini. Nikamsimulia. Nasikia malori yanapita nyuma yake. Akasema, "Mpeleke hospitali kwanza, hayo ya pampu baadaye." Hajakosea. Lakini hospitali itachukua muda, na Ijumaa haingoji.

Mchana mama alimpima Kichembe kwenye mizani ya jikoni. Ana desturi yake: mizani ya kule maabara ni nyeti mno, pumzi tu inaitikisa, kwa hiyo akipima huziba pumzi. Basi hata akipima mtoto anaziba, na sisi wote tunaziba. Kichembe mwenyewe amejaza mashavu! Tulicheka. Akasoma uzito, akafurahi kwamba ameongezeka.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Akamnyanyua tena mtoto, akamrudisha kwenye mizani. "Hebu tumpime Kichembe leo, hatujampima."

Nikaziba pumzi naye.

Jumanne, 11 Machi

Namshonea gauni la Ijumaa. La buluu, mikono mirefu, kola ndogo. Amekataa nakshi. "Mimi siendi harusini."

Leo tulijaribisha. Nimepiga magoti namkunjia pindo, pini zimejaa mdomoni, naye anasoma hotuba juu ya kichwa changu. Anasoma vizuri. Anaeleza alivyoanza, mwanamke peke yake kwenye paa lile, watu wakimdhania anaanika nguo. Anaeleza watoto wa mtaa wa kiwandani na vifua vyao. Hapo hakukosea hata neno. Yote anayakumbuka. Kisha akafika: "Leo nina furaha kuwaambia—" akashusha karatasi apanguse macho.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na pini mdomoni. Ndivyo nilivyojiambia, pini.

Akaniinamia akanishika kichwa. "Umechoka, mwanangu. Mtoto hakupi usingizi. Nikistaafu nitakuwa namshika, ulale."

Nilijichoma kidole. Tone moja dogo ndani ya pindo. Halionekani, nimelikunjia ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Sijasema.

Lakini nimeamua. Binti mrefu ameshauri tupande kimya kimya, tuiwashe, tumtafutie mama udhuru wa kutohudhuria, tuseme anaumwa. Nimekataa. Nimlaze kitandani kwa uongo kama mtoto? Maisha yake yote hakuwahi kuandika namba ambayo hakuipima. Atasikia kutoka kwangu, na atasikia pale pale juu, kwenye pampu yake. Nimemwambia binti asiiguse pampu.

Kichembe anakohoa. Kidogo tu. Mama kasema ni meno.

Ijumaa, 14 Machi

Nipo juu ya paa. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, Kichembe mgongoni. Daftari nimelitoa kwenye mkoba wa nepi kwa sababu sijui mikono niifanyie nini.

Tulipanda mapema. Nilimwambia nataka kuona paa kabla ya wageni, kama zamani. Akafurahi! Akanipandisha ngazi akinionyesha hiki na kile. Pampu akaikuta imezimwa, wala hakushtuka. Akavaa glavu juu ya mikono ya gauni la buluu, akafungua, akatoa cha zamani kwa kibanio, akaweka kipya. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Mikono inajua. Akafunga, akabana vishikizo, akaandika saa, akavua glavu. Akasema, "Haya, tushuke."

Nikasema, "Mama, ngoja kidogo. Tukae kama tulivyokuwa tukikaa."

Tukakaa. Moshi wa tanuri unapanda, mweupe upande mmoja, mchafu upande wa pili. Magari ya manispaa yanaingia getini. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Nilitamani kunyoosha mkono tu, yaishe. Nikaukalia.

Akasema, "Leo kumetulia." Nikasema ndiyo, mama. Kumetulia sana.

Kichembe akakohoa mgongoni.

Mama akageuka. Hakumtazama mtoto. Alitazama ile pampu, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Kisha akaniuliza, sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake:

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Kabla ya vile vyeupe, mama. Vyote vile vyeupe.

Hakulia. Alinyoosha mkono akaiwasha mwenyewe. Ikanguruma, ule ule mngurumo, Kichembe akashtuka, kisha, jamani, akalala. Mama ameweka kiganja juu ya bati lake, hajakiondoa mpaka sasa. Amenipa mgongo. Pindo nililoshona limegusa vumbi.

Binti mrefu anaita kutoka ngazini: wameshakaa, mkurugenzi anamuulizia Daktari, yaani mama.

Sasa ameitoa hotuba kwenye mkoba, ameikunjua gotini. Amenyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Nipe kalamu."

Sijui anataka kufuta nini. Nina kalamu moja tu, hii ninayoandikia